Waseko wa Mheshimiwa Waziri

Sisi wananchi wa Tulizana hatuna malalamiko. Nalisema hili mapema, ndugu msomaji, usije ukanielewa vibaya huko mbele. Haya ninayokusimulia mengi yalitangazwa redioni mchana kweupe, na mengine nimeambiwa na watu waliokuwapo, nami ni mtu mwepesi wa kuamini.

Katika nchi yetu wapo watu waitwao Waseko. Hao ndio waliotangulia kufika, kabla yetu sote, na kwa sababu hiyo Serikali inawaheshimu kuliko raia wengine. Wanaishi katika Msitu wa Ndoreko, wanarina asali, wanachimba mizizi ya dawa, na hawamsumbui mtu. Ili heshima hiyo isiwe ya mdomoni tu, Serikali iliwaundia wizara nzima: Wizara ya Heshima ya Wenyeji wa Asili. Ina jengo la vioo makao makuu, ina lifti inayosema "karibu" kwa sauti ya kike, na ina magari meusi yaliyonunuliwa kwa ajili ya kuwafikia Waseko. Kwa kuwa barabara ya kwenda kwa Waseko haipitiki, magari hayo hubaki mjini, na yako katika hali nzuri sana.

Na ili Wizara isije ikateleza, Bunge likaunda Kamati ya Kusimamia Matumizi ya Wizara ya Heshima. Kamati hii ilikuwa kali. Kila mwaka ilimwita Waziri na kumuuliza kama fedha za Waseko zimetumika. Waziri alijibu kwamba zimetumika zote, na Kamati ikampongeza kwa kutobakiza.

Mwaka huo mambo yalibadilika kidogo. Kampuni ya mbao kutoka nje iliutamani Msitu wa Ndoreko. Sasa, sheria yetu iliandikwa zamani, wakati viongozi walikuwa hawajaizoea kazi, nayo inasema msitu ule haukodishwi mpaka Waseko wenyewe wasimame mbele ya Kamati, waulizwe, na wajibu ndiyo. Wakati huohuo Rais alikuwa na wageni waliokuja kutazama haki zetu za binadamu. Ili wageni wafurahi, akamteua Mseko kuwa mbunge, na wageni wakiwa bado hawajapanda ndege, akamweka kwenye Kamati hiyohiyo.

Mseko huyo alikuwa Sebwene Lokita, mwalimu wa jiografia katika sekondari ya wilaya, mwanamke mwembamba asiyependa kucheka ovyo. Siku ya kwanza Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Kibendera, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mama. Hapa wala hatukuchoshi. Kazi yako kubwa ni kuwapo."

Sebwene akaketi, akawapo. Lakini Waziri alipomaliza kusoma taarifa yake, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa inasema Wizara imejenga zahanati kwa ajili ya Waseko. Naomba kujua iko wapi."

Waziri, Profesa Lutambi, alivua miwani taratibu kama mtu anayejiandaa kumsamehe mtoto. "Mheshimiwa Mwenyekiti, namshukuru sana dada yangu kwa swali zuri. Lakini hili neno 'wapi' ni neno la kizamani. Sisi tumeshatoka huko. Zahanati ya kisasa haiko mahali. Zahanati ni mchakato."

Wajumbe wakagonga meza kwa furaha.

"Kuna mgonjwa aliyewahi kutibiwa katika mchakato huo?" akauliza Sebwene.

Meza zikanyamaza. Nyuma ya Waziri aliketi Mkurugenzi wa Ustawi, Bwana Ngolo, mtu mpole mwenye miwani myeusi ambaye mpaka wakati huo alikuwa akisafisha kucha zake kwa kifuniko cha kalamu. Akainua kichwa, akamtazama Sebwene kwa mara ya kwanza, akaacha kusafisha kucha.

Mwenyekiti Kibendera aliona hali si nzuri, na redio ilikuwa ikitangaza moja kwa moja. Akasema Kamati itakwenda kujionea yenyewe, na Wizara ipewe wiki moja ya kujiandaa kuonekana.

Wiki ikapita, msafara ukaondoka. Hawakwenda msituni, kwa sababu ya ile barabara. Walikwenda mahali panapoitwa Makazi ya Heshima, karibu na mji mdogo wa Kivindo, ambako kwa mujibu wa taarifa Waseko wote walikuwa wamehamia kwa hiari yao na furaha kubwa. Msitu, kwa maana hiyo, ulikuwa umebaki mtupu ukisubiri mwekezaji.

Makazi yalikuwa yanapendeza. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kama meno ya matangazo ya dawa ya mswaki. Mjumbe mmoja alishika ukuta wa zahanati, akaondoka na rangi mkononi. Mwenyekiti akafungua bomba, maji yakatoka, Kamati ikapiga makofi. Nyuma ya ukuta kijana wa Wizara alikuwa amekaa juu ya ngazi, anamimina ndoo kwenye bomba hilo kwa juu. Aliposikia makofi aliongeza kasi.

Waseko walikuwa wamejipanga uwanjani, wamevaa ngozi na manyoya, wanacheza. Sebwene alishangaa, maana kwao watu huvaa mashati na kanga kama watu wengine. Akamsogelea mama mmoja mnene aliyekuwa anaongoza ngoma, akamwamkia kwa Kiseko.

"Halaye, ma."

Yule mama alimtazama kwa hofu, akatoa kigelegele kirefu.

"Anasema anaishukuru Serikali," akatafsiri Bwana Ngolo, aliyekuwa amesimama karibu kuliko Sebwene alivyodhani.

Sebwene akarudia, polepole zaidi, akimuuliza mama huyo anatoka kwa nani. Mama akapiga kigelegele kingine, kifupi. Ndipo Mwenyekiti akamwita Ngolo wakapigwe picha pamoja kwenye bomba. Yule mama akamshika Sebwene mkono kama anayemwalika kucheza, akamvutia kwenye vumbi la ngoma, akamwambia sikioni kwa Kiswahili safi:

"Mwalimu, nakuomba, usiniumbue hapa."

Sebwene aliijua sauti ile. Kila mtu Tulizana aliijua. Kila Jumapili mchana ilitoka redioni, ikiwa mama mkwe mkorofi katika mchezo ambao watu waliacha ugali jikoni uungue ili wausikilize. Alikuwa Bi Kidawa wa Kundi la Taifa la Sanaa.

"Bi Kidawa? Wewe unafanya nini hapa?"

"Tumeletwa kundi zima. Tumeambiwa anayekataa hana kazi kesho, na nyumba ya Serikali anahama. Nina wazazi wawili ndani ya nyumba hiyo, mwalimu. Cheza, anatutazama."

Sebwene akacheza. "Waseko wenyewe wako wapi?"

"Wamewafungia kwenye ghala la pamba, hapo Kivindo. Waliwatoa msituni kwa malori, wakawadanganya wanakwenda kugawiwa vyandarua. Hawakutaka ninyi wa Kamati mkutane nao."

Ngoma ikaisha. Mwenyekiti akatangaza chakula.

Wenzake wakiwa wanapakua pilau, Sebwene alipita nyuma ya mahema akashika njia ya Kivindo kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia. Ghala lilikuwa nje kidogo ya mji, la mabati juu mpaka chini, halina dirisha. Jua la saa saba lilikuwa limeliwakia mpaka hewa juu ya paa inachezacheza. Mlangoni palikuwa na kufuli kubwa. Hapakuwa na mlinzi, maana nani aibe pamba mbovu?

Akagonga bati. Lilimuunguza kiganja.

"Mama! Mama Nyahoza!"

Zikajibu sauti nyingi kwa pamoja, na katikati yake moja, kavu, ya mama yake, anayoijua tangu azaliwe.

"Sebwene? Ni wewe? Tulikuja kuchukua vyandarua."

"Mko wengi?"

"Tupo wote. Maji tuliyokuja nayo yameisha asubuhi. Mtoto wa Melo anapumua vibaya, na mzee Tondo hajibu tena tukimsemesha." Akakohoa. "Mwambie mwenye ghala, sisi hatukuja kuiba."

Sebwene alivuta kufuli kwa nguvu zake zote. Akatafuta jiwe, akapiga mara ya kwanza, na alipoinua mkono tena akasikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yake bila haraka.

"Mheshimiwa umepotea njia," akasema Bwana Ngolo. "Chakula kiko upande ule."

"Fungua mlango huu."

"Hao ni wageni wa Serikali. Wamepumzika."

"Kuna mtoto anakufa humo ndani!"

Ngolo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Macho yake yalikuwa madogo, wala hayakuwa makali. "Kesho Kamati ina swali moja tu la kuuliza. Wale wenzetu wa ngoma watajibu ndiyo. Wewe utakaa kimya, kama ulivyocheza vizuri leo. Kikao kikiisha, nakuja mwenyewe na ufunguo, kila mtu anakwenda zake. Lakini ukianza maswali yako ya zahanati iko wapi, kikao kitarefuka. Na mimi vikao vikirefuka huwa nasahau vitu. Nasahau sana funguo."

"Basi wape maji. Maji tu."

"Hayamo kwenye bajeti iliyopitishwa," akasema Ngolo kwa masikitiko ya kweli. "Nikiwapa nitakuwa nimefanya matumizi yasiyoidhinishwa, na Kamati yako itanihoji." Akafungua mlango wa gari. "Twende, mheshimiwa. Pilau litapoa."

Sebwene alipanda. Hakuwa na la kufanya, kwa kuwa nyuma ya Ngolo walikuwa wameshuka vijana wengine wasio na miwani wala upole. Gari lilipoondoka alisikia mama yake akiita jina lake kutoka ndani ya mabati, mara nyingi, halafu hakusikia tena.

Jioni hiyo, msafara uliporudi makao makuu, alimfuata Mwenyekiti Kibendera hotelini, akamweleza yote. Mwenyekiti alihuzunika sana. Akamwambia malalamiko ya aina hiyo yana utaratibu wake: yaletwe kwa maandishi, yapitie kwa mkurugenzi wa idara inayohusika, ambaye ni Bwana Ngolo, naye atayashughulikia.

Asubuhi ukumbi wa Kamati ulijaa. Redio ilikuwa hewani. Mstari wa mbele aliketi mwakilishi wa kampuni ya mbao, bwana mwenye uso mwekundu, ameshika kalamu iliyokwisha kufunguliwa kabisa. Waseko wa Wizara waliingizwa na manyoya yao wakapangwa kwenye benchi, Bi Kidawa mbele, kwa kuwa alikuwa ameteuliwa kuwa malkia wao. Sebwene alikaa kwenye kiti chake, kile kiganja kilichoungua kikimpwita. Alikuwa amekwishaamua kukaa kimya. Jioni watatoka, alijiambia. Lakini watatoka waende wapi? Msituni kutakuwa na misumeno. Watarudishwa palepale kwenye nyumba za rangi mbichi na bomba la ndoo, na safari hiyo hakutakuwa na sheria ya kuwauliza chochote.

Bi Kidawa akaapishwa. Aliposema "naapa", nchi nzima ikamtambua kwa sauti, na inasemekana katika masoko watu waliacha kupima mchele wakidhani mchezo wa Jumapili umehamishiwa katikati ya wiki.

Sebwene akasimama. Miguu yake ilisimama kabla yeye hajamaliza kufikiri.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Kule nyuma ya Waziri, Bwana Ngolo aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza ambapo Sebwene angeuona. Kisha akaurudisha mfukoni.

"Kabla hawajaulizwa," akasema Sebwene, "naomba Kamati ijiridhishe kama hawa ni Waseko."

Ukumbi ukachachamaa. Profesa Lutambi alikuwa ameshasimama na kitabu cha sheria mkononi, ana furaha ya mtu aliyekuwa akiombea aulizwe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Wizara yangu haibahatishi. Kifungu cha pili kinasema hivi: 'Mseko maana yake ni mtu yeyote ambaye Waziri ameridhika kwamba ni Mseko.' Nimewatazama hawa. Nimeridhika. Nimeridhika mno! Ni Waseko kuliko Waseko wowote niliowahi kuwaona."

Hapo alisema kweli, maana hakuwahi kumwona hata mmoja.

"Kuhusu mheshimiwa aliyeuliza," akaendelea, "yeye bado sijaridhika naye."

Wajumbe wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mwenyekiti Kibendera akagonga nyundo. "Kiti kimeamua. Hawa ni Waseko halali."

"Naomba uamuzi huo uingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge," akasema Sebwene. "Kwamba hawa ndio Waseko, na kauli yao ndiyo kauli ya Waseko."

"Umeingia!" Mwenyekiti alipenda sana kuamua. "Na uamuzi wa Kiti hautenguliwi na mtu yeyote katika nchi hii, hata mimi mwenyewe."

"Basi sina la kuongeza." Sebwene hakumtazama tena Mwenyekiti wala Ngolo. Alikuwa anamtazama Bi Kidawa. "Wenye msitu ni hao hapo. Waulizeni."

Akaketi. Mikono yake akaikalia.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Enyi Waseko wa Tulizana. Je, mnaridhia Msitu wa Ndoreko ukodishwe kwa maendeleo yenu wenyewe?"

Bi Kidawa alikuwa amefanyishwa mazoezi ya neno hilo moja tangu wiki iliyopita. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama Ngolo, akawatazama wenzake wa kundi, akamtazama yule mwalimu aliyekalia mikono yake. Redioni palikuwa kimya kiasi kwamba watu wengi waligonga redio zao.

"Hapana," akasema.

Mwenyekiti akatabasamu. "Hukusikia vizuri, mama. Nimeuliza, mnaridhia?"

"Nimesikia. Sisi Waseko haturidhii." Sasa sauti ilikuwa imejaa, ile ya mama mkwe, inayofika mpaka jikoni. "Msitu ni wetu na hatuutoi."

"Na mimi hapana," akasema mzee mmoja wa kundi, huku akivua manyoya kichwani.

"Hapana," benchi zima likaitikia.

Profesa Lutambi akaruka kutoka kitini. "Mwenyekiti, huyu si Mseko! Huyu ni mwigizaji! Nimemlipa mimi mwenyewe kwa fungu la zahanati!"

Kipaza sauti chake kilikuwa wazi.

Sijui kama umewahi kusikia nchi nzima ikivuta pumzi kwa pamoja. Mwenyekiti alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga, akakifungua tena. Kama huyu mwanamke si Mseko, basi Waziri amekula zahanati na kuleta maigizo bungeni. Kama ni Mseko, basi Waseko wamekataa. Na Kiti kilikuwa kimekwishaamua. Yule bwana wa mbao akafunga kalamu yake, akainama mbele ya Mwenyekiti kwa adabu, akatoka.

Katika vurugu hiyo Sebwene alikirukia kipaza sauti cha shahidi. "Watu wa Kivindo! Kwenye ghala la pamba kuna watu! Fungueni, kuna mtoto hapumui! Fungueni sasa hivi!"

Wakakizima kipaza sauti, lakini walikwishachelewa. Kivindo kulikuwa na redio kwenye kila kibanda. Watu walikuja na mitaimbo, na michi ya kutwangia, na mmoja alikuja na jeki ya lori. Kufuli lile lilikuwa imara, likabaki zima. Walichong'oa ni bati zima la ukuta. Mtoto wa Melo alitolewa wa kwanza, akamwagiwa maji, na baada ya muda ambao mama yake hapendi kuuzungumzia, akalia. Mama Nyahoza alitoka kwa miguu yake mwenyewe, anawashikilia wengine. Mzee Tondo alitolewa kwenye kanga. Katika takwimu za Wizara ameandikwa kuwa mnufaika aliyehamia makazi ya kudumu.

Serikali yetu haikawii kuchukua hatua. Kamati iliandika taarifa nzuri, ikampongeza Waziri kwa kuwashirikisha Waseko katika maamuzi, na Profesa Lutambi sasa ni balozi wetu katika nchi yenye theluji. Bwana Ngolo anaongoza tume ya kuchunguza ni nani alifunga ghala. Uteuzi wa Sebwene ulitenguliwa kwa sababu Waziri hakuwahi kuridhika naye, akarudi kufundisha jiografia. Msitu upo. Uamuzi wa Kiti umekuwa mgumu kutengua, maana kila anayetaka kuutengua lazima kwanza aeleze zahanati ilikwenda wapi.

Bi Kidawa alifukuzwa, na nyumba ya Serikali akahama. Kisha akashtakiwa. Kwa vile alikuwa Mseko kisheria, hawakuweza kumshtaki kwa kujifanya Mseko. Wakamshtaki kwa kujifanya, kwa miaka yote aliyokuwa redioni, kwamba si Mseko. Hakimu aliisoma hati ya mashtaka mara kadhaa, akaomba udhuru wa kuumwa kichwa, na mpaka leo hajapona.

Kesi ikiwa imelala hivyo, Sebwene alimchukua Bi Kidawa na wale wazazi wake wawili, akawapeleka Ndoreko. Walitembea, kwa sababu ya barabara. Mama Nyahoza aliwakaribisha kwenye mkeka, akamkagua mgeni wake kuanzia viatu mpaka kilemba, bila kuficha.

"Ndiye wewe uliyejiita mimi?"

"Ndiye, mama. Unisamehe."

"Walikuambia useme ndiyo, na wangekuacha na kazi yako na nyumba yako. Sisi hukutujua. Kwa nini ukasema hapana?"

Bi Kidawa akavua viatu, akaviweka kando ya mkeka.

"Nimekaa Tulizana miaka yangu yote, mama," akasema. "Ile ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Serikali kuniuliza jambo kisha akanyamaza kusubiri jibu."

Mama Nyahoza akacheka, akasogea upande mmoja wa mkeka ili wapate nafasi.